Msumeno Uliogoma Kukaa Sailensa: Ushahidi wa Skrubu Tatu

Msumeno wa mnyororo uliotumika watu huununua kwa masikio. Muuzaji anavuta kamba, injini inalia, anapiga resi mara mbili tatu, moshi unatoka, na mnunuzi anaingiza mkono mfukoni. Kilichosikika hapo ni mwendo wa juu tu, na mwendo wa juu huficha mengi. Ugonjwa wa injini ndogo kama hizi hujionyesha kwanza chini, kwenye sailensa, pale kidole kinapoachia mafuta na injini inatakiwa ijizungushe yenyewe kwa mizunguko kama 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, huku mnyororo umetulia tuli.

Msumeno ninaouchambua hapa ulinunuliwa Mafinga ukaletwa Muheza, karibu na pwani. Ni mashine kubwa kiasi, yenye ujazo wa zaidi ya sentimita za ujazo 70, ya kundi linalopendwa na wapasua mbao wa msitu wa Sao Hill kwa kuwa linahimili kushinda kwenye magogo ya paini. Mnunuzi kazi yake ni kuangusha minazi iliyozeeka na miembe. Aliambiwa mashine haina shida, ni ya kuwasha na kukata, na kweli ilikuwa inawaka. Lakini ukiachia mafuta ilifanya moja kati ya mawili: ama izime papo hapo, ama resi ipande yenyewe, mnyororo uzunguke bila kuambiwa, kisha ishuke polepole na kuzima. Ukiulaza msumeno ubavu, sauti inabadilika. Kijiweni jibu lilikuwa moja: kaza skrubu ya sailensa.

Fundi aliyeupokea hakukaza kitu. Alianza kwa kuzisoma skrubu kama zilivyokuja. Kabureta za misumeno ya aina ile zina skrubu tatu. L inapima mafuta ya mwendo wa chini, H inapima mafuta ya mwendo wa juu. Ya tatu, ambayo huandikwa LA au T kutegemea mtengenezaji, haihusiki na mafuta hata kidogo. Inazuia tu mlango wa hewa usijifunge wote. Alifunga L kwa bisibisi taratibu, akihesabu hadi ilipogusa mwisho bila kuilazimisha, maana ncha yake ni sindano na ukiikaza kwa nguvu unaharibu kitako chake. Ikatoka mizunguko miwili na robo. H ikatoka robo tatu ya mzunguko. Akaandika kwa chaki kwenye benchi, akazirudisha zilipokuwa. LA nayo ilikuwa imezamishwa kiasi kwamba ukichungulia kwenye koo la kabureta unauona mlango wa hewa umebaki wazi.

Kwa mashine nyingi za aina hii, mahali pa kuanzia ni mzunguko mmoja kwa L na mmoja kwa H, halafu unarekebisha kidogo kidogo kwa sikio. Robo tatu kwenye H haishangazi. Miwili na robo kwenye L ni kelele.

"Mzee, huu msumeno umeshahangaikiwa," alimwambia mwenye mali. "Aliyekuuzia, au fundi wake, alikuwa anaumwagia mafuta ili usizime."

"Si kabureta tu hiyo, mwanangu? Tuweke mpya yaishe."

"Kabureta inaonewa, mzee. Subiri kwanza."

Hapo ndipo uchambuzi wenyewe ulipo, na ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa. Mafinga iko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima: inaendelea kutoa petroli karibu ileile, wakati hewa inayoingia imepungua uzito. Matokeo yake mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, injini inakuwa nzito na inatoa moshi. Fundi wa huko juu, akijua kazi yake, atafunga skrubu kidogo kupunguza mafuta. H ya robo tatu inaeleza hilo vizuri kabisa. Lakini basi L nayo ilipaswa ifungwe. Hii ilikuwa imefunguliwa, tena kupita kiasi. Skrubu mbili za kabureta moja, mlima mmoja, zinaelekea pande mbili tofauti. Mlima haufanyi hivyo. Mtu aliyefungua L namna ile alikuwa anafukuza hewa iliyokuwa ikiingia mahali pengine, isiyopita kwenye kabureta. Mimi huiita hewa ya wizi.

Na hewa ya wizi huuma zaidi kwenye sailensa. Kwenye resi kamili injini inavuta hewa na petroli kwa wingi, na mwanya mdogo hauonekani upesi kwenye hesabu. Ukiachia mafuta, mlango wa hewa unafunga karibu wote, petroli inachuruzika kupitia kitundu kimoja chembamba kilichotobolewa pembeni mwa mlango huo, na kila kinachoingia kimepimwa kwa ukali. Kijiko cha chumvi hakiwezi kuharibu sufuria la pilau ya harusi. Kitie kwenye kikombe cha chai uone. Ndiyo maana msumeno wenye mwanya unaweza kukata vizuri asubuhi nzima, kisha ukashindwa kusubiri dakika moja chini ya mti bila kuzima.

Mafundi wa magari hukwama hapa, na siwalaumu. Kwenye injini ya mipigo minne, sehemu ya chini yenye krenki ni makazi ya oili. Hewa ikipenya huko, sailensa haina habari nayo sana. Pikipiki zinazojaa barabarani leo karibu zote ni za namna hiyo. Injini ya mipigo miwili ina mpango mwingine. Mchanganyiko wa petroli na hewa unapita kwanza kwenye chumba cha krenki: pistoni ikipanda inauvuta ndani, ikishuka inausukuma juu kwenye silinda. Chumba hicho ni sehemu ya njia ya hewa. Sili mbili zinazoziba ncha za krenki, gasketi iliyo chini ya silinda, mpira unaounganisha kabureta na silinda, mpira mdogo unaopeleka pumzi ya krenki kwenye kabureta: popote hapo pakipasuka, injini imepata pua ya pili.

Hata kabureta yenyewe inategemea chumba hicho. Kabureta ya msumeno haina boya kama ya pikipiki, kwa sababu msumeno unafanya kazi ukiwa umelala, umesimama, hata umepinduka. Badala yake ina diaframu mbili. Moja inachezeshwa na mapigo ya shinikizo kutoka kwenye krenki, ndiyo pampu inayovuta petroli kutoka tankini. Ya pili inasikia mvuto wa koo la kabureta na kuisogeza sindano inayofungua mafuta. Krenki ikivuja, mapigo yanadhoofika, pampu inadhoofika, na unaanza kuilaumu kabureta kwa kosa lisilo lake.

Hayo yote bado ni nadharia mpaka upime. Na kabla ya kupima, vitu rahisi viondolewe njiani. Petroli ya zamani ilimwagwa, ikatiwa mpya iliyochanganywa na oili ya 2T kwa kipimo cha 1 kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita. Kifuniko cha tanki kililegezwa injini ikiwa inaunguruma, kwa kuwa tanki lisilopumua huzima injini baada ya dakika chache, lakini hakuna kilichobadilika. Chujio la hewa lilikuwa chafu lakini si la kuziba. Mpira wa mafuta ulitolewa tankini ukapindwa kwa vidole kutafuta nyufa, ukakutwa mzima. Plagi ilipofunguliwa, kauri yake ilikuwa nyeupe badala ya kahawia. Weupe huo ni dalili ya mafuta machache, jambo la ajabu kwa mashine ambayo skrubu yake ya L imefunguliwa zaidi ya mara mbili ya kawaida.

Kitu kimoja ambacho sioni mafundi wengi wakikifanya, na kinachukua muda mfupi tu, ni kufungua ekzosi. Ukiitoa unaiona pistoni kupitia tundu la kutolea moshi. Mistari ya wima iliyochimbika kwenye ubavu wa pistoni maana yake mashine imeshaungua kwa kukosa mafuta, na pesa ya kutengeneza ni bora iwekwe kwenye mashine nyingine. Pistoni ya msumeno huu ilikuwa na mikwaruzo hafifu tu, ringi zinang'aa. Ilistahili kuendelea.

Kipimo cha kuvuja kinahitaji kuziba tu. Kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli kiliwekwa kati ya silinda na ekzosi, nati zikakazwa. Kabureta ikatolewa, mdomo wa mpira wake ukazibwa kwa namna hiyo hiyo. Plagi ikarudishwa. Njia pekee iliyobaki ni mpira mdogo wa pumzi ya krenki, na hapo ndipo hewa inapoingizwa. Vitabu vya ufundi vya misumeno hii hutaka shinikizo la nusu ba likae walau sekunde 20 bila kushuka. Kama huna pampu maalumu, kipimo cha presha cha mkono, kile cha hospitalini chenye puto la kubonyeza na saa yake, kinafaa. Saa inaishia 300 za zebaki, sawa na sehemu nne za kumi za ba, na kwa kazi hii zinatosha.

Mshale ulipanda, ukakaa. Sekunde zikapita, haukushuka. Povu la sabuni lililopakwa kila mahali halikutoa hata bubujiko moja.

Mafundi wengi wangeishia hapo, waseme mashine haivuji, wakaagize kabureta. Ila msumeno ulikuwa na dalili zote za kuvuja, na dalili hazifutwi na kipimo kimoja. Sili ya krenki ina mdomo wa mpira uliopinda kuelekea ndani, na springi nyembamba inaukumbatisha kwenye shafti. Ukijaza shinikizo ndani, shinikizo lenyewe linausukuma mdomo ule ubane zaidi. Sili iliyochoka na kukakamaa inaweza kufaulu mtihani huo vizuri tu. Ukigeuza mambo, ukavuta hewa kutoka ndani, hakuna tena cha kuusaidia mdomo; hewa ya nje inaunyanyua na kupita. Na injini inapokaa sailensa, kila pistoni inapopanda inavuta. Kwa hiyo kipimo cha kuvuta ndicho kinachofanana na maisha halisi ya sili.

Pampu ya mkono inayotumiwa kutoa upepo kwenye breki za magari inavuta, na ina saa yake. Ilivutwa hadi nusu ba. Kawaida inayokubalika ni kwamba baada ya sekunde 20 usiwe umepoteza zaidi ya sehemu mbili za kumi za ba. Mshale huu ulirudi sifuri kabla fundi hajamaliza kuhesabu hadi kumi. (Asiye na pampu hiyo anaweza kuligeuza lile puto la kipimo cha presha, aunganishe mpira upande linakonyonyea hewa. Akilibonyeza likabaki limesinyaa, chumba kimeziba. Likijaa tena lenyewe, kuna mahali panapumua.)

Sasa wapi? Povu halisaidii wakati hewa inaingia badala ya kutoka. Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka injini inayounguruma, wasikilize resi itabadilika wapi. Inafanya kazi, na inaunguza watu. Ekzosi iko sentimita chache tu kutoka hapo. Njia ya fundi huyu ilikuwa tulivu zaidi. Alifungua pande zote mbili za krenki, gurudumu la sumaku upande mmoja na klachi upande wa pili, akadondosha oili kidogo juu ya kila sili, akavuta tena. Upande wa sumaku oili ilikaa. Upande wa klachi ilinyonywa ikatoweka, na kwa muda mfupi mshale ukasimama, kwa sababu oili ilikuwa imeziba mwanya. Jibu likapatikana bila kununua kitu.

Haishangazi kwamba ni upande wa klachi. Huko ndiko kuna joto la klachi, unga wa mbao na oili ya mnyororo, vyote vikilizunguka eneo moja. Klachi za misumeno mingi zina nati ya mkono wa kushoto, unafungua kwa kuzungusha mwelekeo wa saa. Asiyejua hukaza mpaka avunje. Kuizuia krenki isizunguke, fundi alipitisha kamba laini kwenye tundu la plagi ikawa mto wa kuizuia pistoni. Kamba hiyo iingizwe baada ya pistoni kupita tundu la ekzosi ikipanda, la sivyo itanaswa ukingoni mwa tundu na kukatika humo ndani. Wanaoingiza bisibisi badala ya kamba wanatoboa kichwa cha pistoni, na hapo wamejitengenezea kazi mpya.

Kabla ya kung'oa sili, aliishika ncha ya krenki akaitikisa juu na chini. Haikucheza. Ingecheza, beringi ndiyo ingekuwa mgonjwa, na sili mpya ingeishi siku chache kisha ife kwa sababu ileile. Sili ya zamani ilitoka ngumu kama plastiki. Mpya ilipakwa oili mdomoni, ikagongewa taratibu kwa kipande cha bomba chenye kipenyo cha sili, ikaingizwa chini kidogo kuliko ya kwanza. Sili ya zamani ilikuwa imechimba mstari kwenye shafti. Ukirudisha mdomo mpya juu ya mstari huo, umerudisha mwanya. Ya upande wa sumaku nayo ilibadilishwa. Zimezeeka pamoja, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kufungua tena.

Diaframu za kabureta zilibadilishwa pia, kwa kuwa kabureta ilikuwa mezani tayari na ile ya kupimia mafuta ilikuwa imekakamaa. Diaframu nzuri ni laini, ukiibonyeza inanyamaza. Iliyokufa inalia kama karatasi. Lakini mpangilio ni muhimu: kipimo cha kuvuja hakigharimu kitu, diaframu zinagharimu. Anayeanza na diaframu kwenye mashine inayovuja atalipa, atasikia nafuu ya siku mbili, kisha atarudi.

Kipimo cha kuvuta kilirudiwa, mshale ukakaa. Skrubu za L na H zikarudishwa kwenye mzunguko mmoja, LA ikalegezwa hadi mlango wa hewa ukafunga, kisha ikarudishwa kidogo. Injini ikawaka, ikaachwa ipate joto. Kurekebisha injini baridi ni kupoteza muda, ikipata joto yote yanabadilika. L ilizungushwa taratibu pande zote mbili kutafuta pale injini inapozunguka kwa kasi kuliko pote, kisha ikafunguliwa kidogo kutoka hapo ili ipate mafuta ya kupokea resi bila kusita. LA ikaja mwisho. Kwa mara ya kwanza msumeno ulikaa sailensa ukiwa wima, umelazwa ubavu, umeinamishwa pua chini, bila kubadilisha sauti.

Mnyororo hata hivyo uliendelea kujivuta polepole. Sailensa ilikuwa sahihi, hivyo LA haikuwa na hatia. Klachi ilifunguliwa tena, na springi moja ilikuwa imenyooka kwenye kulabu yake, inaviachia viatu vya klachi viguse ngoma mapema. Springi ya klachi ni kitu kidogo, ila mnyororo unaozunguka wakati mkataji anahama kutoka mti hadi mti ni jeraha linalosubiri paja. Springi zote zilibadilishwa kwa pamoja.

Kilichobaki ni H, na hapa ndipo mtu anaweza kuua mashine iliyotoka kutengenezwa. Robo tatu ya Mafinga kwa hewa nzito ya Muheza ni mafuta machache. Na kwenye injini ya mipigo miwili oili ya kulainisha pistoni inakuja ndani ya petroli. Ukipunguza petroli umepunguza na oili, wakati huohuo joto limeongezeka. Mashine hailalamiki. Inapata sauti nyembamba, kali, yenye kuvutia, inakata kwa kasi kuliko jana, kisha pistoni inanata kwenye silinda. H ya pwani iliachwa imefunguka kidogo, hadi kwenye resi kamili bila mzigo sauti ikawa na mkwaruzo wa kugugumia, ambao unasafika pindi mnyororo unapoingia kwenye gogo. Mwenye mali hakuupenda mkwaruzo ule, aliuona kama kasoro. Aliombwa asiuguse. Ikitokea msumeno unarudi nyanda za juu, skrubu zipangwe upya huko huko.

Kwa anayekwenda kununua mashine kama hii, usikubali kuikuta imeshapashwa moto, kwa sababu msumeno moto huficha shida ya kuwaka. Mwombe muuzaji auwashe baridi mbele yako, uache uungurume mpaka upate joto, kisha ndipo uuzime na kuuwasha tena. Piga resi, achia, sikiliza jinsi inavyoshuka: ikishuka mara moja ni vizuri, ikining'inia juu kabla ya kushuka kuna hewa inaingia. Ulaze ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, huku mnyororo ukielekea mbali na watu. Halafu omba bisibisi uhesabu L. Muuzaji akikuzuia kuhesabu, punguza bei kwa gharama ya sili mbili na kazi ya fundi, au mwachie mashine yake.